Rabai, kijiji cha mlimani nyuma ya Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi, wageni na hata watu waliozaliwa Mombasa huuliza wanapolisikia jina la Rabai. Mengine yana jibu la mstari mmoja. Mengine yanadai kukaa kitako.

Rabai iko wapi?

Iko Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, kama kilomita 25 kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Ukitoka mjini unashika barabara kuu ya Nairobi, unapita Changamwe na Miritini mpaka Mazeras. Hapo unaiacha barabara kuu, unakata kulia kufuata njia ya Kaloleni, na baada ya mwendo mfupi umeingia Rabai.

Zamani watu hawakupita huko. Kabla ya reli, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, msafiri alipanda mtumbwi, akafuata mkono wa bahari unaoingia bara mpaka maji yanapokwisha, kisha akashuka na kupanda kilima kwa miguu. Ukikijua kilima hicho na maji hayo, umeshaelewa nusu ya historia ya Rabai. Mahali hapa pako karibu na mji kiasi cha kufanya nao biashara, na pako juu kiasi cha kumwona adui akija.

Rabai ina watu wangapi?

Inategemea unauliza Rabai ipi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Jina hili lina maana nne. Kuna Warabai, yaani mojawapo ya makabila tisa ya Wamijikenda, ambao wanaishi popote walipo. Kuna Rabai kijiji, pale palipo kanisa kongwe, shule na makumbusho. Kuna wadi ya Rabai/Kisurutini. Na kuna kaunti ndogo ya Rabai, ambayo ni kubwa kuliko zote hizo.

Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia kaunti ndogo ya Rabai watu 120,813. Namba hiyo ndiyo utakayoikuta ikiandikwa kila mahali kana kwamba ni ya kijiji. Siyo. Anayesoma kwamba kijiji cha Rabai kina watu laki moja na ushee, kisha akafika na kukuta minazi, vichochoro na maduka machache, atadhani amepotea njia. Kaunti ndogo hiyo inabeba vijiji vingi. Eneo bunge la Rabai, lililokatwa kutoka Kaloleni na kumchagua mbunge wake wa kwanza mwaka 2013, lina wadi nne: Mwawesa, Ruruma, Kambe/Ribe na Rabai/Kisurutini. Kambe na Ribe wenyewe ni makabila mengine ya Mijikenda, wana kaya zao, yaani makao yao ya asili ya msituni, na historia yao. Kwa hiyo hata hao 120,813 si Warabai watupu, na Warabai wote hawamo ndani ya hao 120,813, kwa kuwa wengi wanaishi Mombasa.

Ukitaka kupima uzito wa namba hiyo, iweke karibu na jirani zake. Mwaka huohuo wa 2019 Kaunti ya Kilifi yote ilikuwa na watu 1,453,787, kutoka 1,109,735 mwaka 2009. Kaunti ya Mombasa ilikuwa na 1,208,333, kutoka 939,370. Pande zote mbili za kilima zimeongezeka kwa zaidi ya robo katika miaka kumi tu, na Rabai iko katikati.

Warabai walitoka wapi?

Simulizi ambayo kila Mmijikenda hulelewa nayo ni ya Singwaya: kwamba makabila yote tisa yalikaa pamoja kaskazini, upande wa Somalia ya leo, yakasukumwa na Wagala, ambao leo huitwa Waoromo, yakateremka pwani na kupanda vilimani kujenga kaya. Warabai wanaisimulia pia.

Lakini iko simulizi nyingine Rabai, nayo ni ya zamani vilevile kwa kuwa wageni wa karne ya 19 waliikuta vinywani mwa wazee: kwamba baadhi ya koo zilitoka Rombo, chini ya Kilimanjaro. Watu hubishana ipi ni ya kweli. Mimi sioni haja ya kuitupa mojawapo. Kijiji kinaweza kuwa na milango miwili. Kuna na wa tatu: Wakamba waliokuja na misafara ya pembe za ndovu na wengine wakikimbia ukame, wakalowea huku nyuma ya Mombasa kabla ya Mzungu yeyote kupanda kilima. Wakamba wa huku wana vizazi vingi nyuma yao, na wengi wao huzungumza Kirabai kama mwenyeji yeyote.

Kaya ni nini, na kwa nini inaitwa Mudzi Muvya?

Kaya ni makao ya kwanza: mji wenye boma ndani ya msitu, wenye malango, wenye fingo, yaani kago lililozikwa na wazee kuulinda, na moro katikati ambapo baraza la wazee, yaani kambi, lilikaa kuamua mambo. Watu walipoanza kuishi nje, mashambani mwao, msitu ulibaki. Haukatwi. Kuni hazichukuliwi. Huendi nje ya njia.

Rabai ina kaya kadhaa, miongoni mwake Mudzi Muvya, Bomu na Fimboni. Mudzi Muvya kwa Kirabai ni mji mpya tu. Ndiyo maana katika maandishi ya wamishonari utakuta "Rabai Mpia" au Rabai Mpya. Neno hilo "mpya" linawachanganya wasomaji, wakadhani upya wake ulianza na misheni. Mji huo ulikuwa mpya kwa sababu kulikuwa na kaya nyingine kuukuu kabla yake. Wazungu walilikuta jina hilo likiwa tayari.

Serikali ilianza kuziandikisha kaya za Mijikenda kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, zile za Rabai zikiwemo. Mwaka uliofuata, mila zinazohusu kaya nazo ziliwekwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hilo "kwa haraka" si neno la kupamba. Ukisimama ukingoni mwa msitu utaona: upande mmoja miti mikubwa na kivuli kizito ambamo hata sauti yako unaishusha bila kuambiwa, na upande wa pili, hatua chache tu, shamba la mahindi, kisha nyumba, kisha nyumba nyingine.

Naweza kuingia kaya?

Kwa ruhusa ya wazee, ukiongozwa, na si kila mahali. Kuna sehemu ambazo hata mwenyeji haingii. Uliza kwanza makumbusho, watakuelekeza. Tafadhali usijipeleke.

Je, Krapf ndiye aliyeanzisha Rabai?

Hapana. Swali hili linaulizwa zaidi kuliko mengine yote, na ni kosa la vitabu vyetu vya shule, ambavyo huanza habari ya Rabai siku Mzungu alipofika.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Jumuiya ya Misheni ya Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye homa ilimwua mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wote wawili wakahamia Rabai, huku wanaumwa homa. Waliomba ruhusa kwa wazee wa kaya, na wazee wakawaruhusu. Tendo hilo la wazee ndilo ningependa wanafunzi walikumbuke. Watu waliokuwa na mji wao, sheria zao na baraza lao walikaa wakawatazama wageni wawili wagonjwa, wakaamua kuwapa mahali.

Kwa nini Rabai, wala si Mombasa?

Mombasa ilikuwa mji wa Kiislamu wenye wanazuoni wake, na Krapf aliona mapema kwamba mahubiri yake hayangepata masikio huko. Tena nia yake ilikuwa bara. Aliamini kwamba kutoka vilimani ataanzisha mlolongo wa vituo mpaka upande wa pili wa Afrika. Rabai ilikuwa na hewa baridi kidogo, ilikuwa njiani mwa misafara ya Wakamba, na ilikuwa karibu na bandari kwa chakula na barua.

Kama mahubiri, kazi ilikwenda polepole mno. Muumini wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Baada yake alikuja Abe Gunja, na kutoka nyumba ya Abe Gunja akatoka mwanawe Isaac Nyondo, ambaye tutamkuta tena.

Kama safari, yalitokea makubwa. Rebmann aliondoka hapa na tarehe 11 Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro. Krapf aliondoka hapa kwenda kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba wa Kitui, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona Mlima Kenya. Wanajiografia wa London walicheka habari ya theluji kwenye ikweta. Wazee wa Kikamba na Kichaga hawakuwa na la kucheka, walikuwa wanaiona kila asubuhi.

Mwenzao wa tatu, Jakob Erhardt, pamoja na Rebmann, walichora ramani kutokana na maneno ya wafanyabiashara wa misafara, wakaweka ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, lenye umbo la konokono. Ilipochapishwa Ulaya mwaka 1856 ilizua mabishano, na ni kati ya sababu zilizowafanya Burton na Speke, wavumbuzi wa Kiingereza, watumwe kutafuta ukweli. Kabla ya kwenda bara walipanda kwanza Rabai, Januari 1857, kumwona Rebmann.

Kwa nini jina la Rebmann halitajwi sana?

Kwa sababu Krapf aliandika sana na aliondoka mapema. Aliacha kazi ya hapa mwaka 1853 kwa ugonjwa. Rebmann alibaki. Alikaa miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Mkewe Emma alifia huku mwaka 1866. Muda mwingi alikuwa na waumini wa kuhesabika kwa vidole, akikusanya maneno ya Kinyika (jina la zamani la lugha ya Wamijikenda), Kiswahili na Kinyasa, macho yake yakififia mwaka hadi mwaka.

Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu. Aliyemshika mkono mpaka Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mtoto wa Rabai. Rebmann alikufa mwaka uliofuata, huko Korntal, Ujerumani. Ukiniuliza ni picha gani ya historia hii ningeichora ukutani mwa shule, nisingechora mlima wenye theluji. Ningechora hao wawili wanateremka kilima kwenda kupanda chombo.

Ni kweli kwamba kamusi ya Kiswahili iliandikwa Rabai?

Sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika hapa, ndiyo. Krapf alianza kujifunza Kiswahili Mombasa, na Juni 1844 alishaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji, jambo ambalo ni vizuri likumbukwe na watu wa dini zote mbili. Sarufi yake ilichapishwa Tübingen mwaka 1850. Kamusi yenyewe ilitoka London mwaka 1882, miezi baada ya kufa kwake. Ni kamusi ya Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, imejaa maneno, methali na mambo ya nyumbani ambayo mengine leo hutayasikia ila kwa bibi. Aliandika kwa herufi za Kilatini wakati Waswahili wenyewe walikuwa na maandishi yao ya herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na uamuzi huo ulifuatwa na waliokuja baadaye mpaka leo.

Wamisheni ni nani?

Hapa ndipo pa kukaa kitako.

Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga masoko ya watumwa. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini, na watu waliotolewa humo hawakuwa na pa kurudi: walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wametekwa mbali sana. Misheni ilinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ikajenga Freretown mwaka 1875, kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyeshughulikia mkataba huo. Kengele yake ndiyo iliyoipa Kengeleni jina. Rabai ikawa kituo cha pili cha misheni, huku mlimani.

Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1860, walishafika Waafrika waliolelewa Nashik, karibu na Bombay. Hao nao walitolewa majahazini wakiwa watoto, wakapelekwa India, wakasomeshwa na kufundishwa ufundi, kisha wakarudishwa Afrika. George David, Ishmael Semler na William Jones ndio majina makubwa. Jones alikuwa mhunzi na mwalimu, na ndiye aliyeongoza Rabai katika miaka migumu kuliko yote.

Miaka hiyo, watu waliokuwa bado utumwani katika mashamba ya pwani walianza kutoroka na kupanda vilimani. Watoro hao wengine walijenga vijiji vyao vichakani, kama Fuladoyo. Wengine walikuja Rabai. Misheni kwa kanuni ilikuwa imeahidi kutowapokea, maana wenye mashamba walitishia vita na Waingereza hawakutaka ugomvi. Lakini mtu aliyewahi kuwa mzigo ndani ya jahazi atamfungiaje mlango mtu anayekimbia usiku? Rabai iliwapokea. Walijenga vibanda, wakalima, wakabatizwa au hawakubatizwa, wakaoana.

Katikati ya miaka hiyo ya 1880 ikapiga njaa ya Mwakisenge. Wakati huo hata Wamijikenda huru waliwaweka watoto wao rehani kwa chakula, na wengine hawakurudi. Kwa hiyo usidhani mstari kati ya mwenyeji huru na mtumwa ulikuwa mnene. Mvua moja ikikosekana, ulifutika.

Mwaka 1888, William Salter Price wa misheni aliporudi pwani, na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipokuja kushika utawala, jambo halikufichika tena: mamia kwa mamia ya watu wa Rabai walikuwa watoro, na wenye mashamba waliwadai. George Mackenzie wa Kampuni alichagua kuwalipa wadai. Kwa vituo vyote vya misheni walikombolewa watu zaidi ya 1,400, na wengi wao walikuwa wa Rabai. Siku ya kwanza ya Januari 1889, hapa Rabai, hati za uhuru ziligawiwa.

Yako ya kulalamikia katika mpango huo. Aliyelipwa alikuwa mwenye shamba, si aliyelima bila ujira. Na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Lakini siku ile watu walisimama foleni, wakaitwa jina, wakapewa karatasi.

Wajukuu wa watu hao, pamoja na wale wa Freretown, ndio wanaoitwa Wamisheni. Wapo mpaka leo. Wengine wana majina ya ukoo ya Kiingereza, na kwa hilo wanaulizwa kila mahali, hata ofisini wanapokwenda kuchukua kitambulisho: "Wewe kabila gani?" Ni swali linalochosha mtu ambaye babu wa babu yake amezikwa Rabai.

Je, Wamisheni ni Warabai?

Watu wengine husema hapana, kwa kuwa hawamo katika koo za kaya. Kwa sheria ya kaya wana hoja. Lakini wameoleana, wamesoma darasa moja, wanazikana. Ukipita msibani usiku hutaweza kumtenga huyu na yule. Kwangu mimi, mtu ambaye wazee wake walipokelewa hapa ni wa hapa. Warabai wenyewe wanasimulia Singwaya na Rombo, yaani wanasimulia kufika.

Askofu Hannington alipita Rabai?

Alipita, na habari yake ilirudi kupitia Rabai. James Hannington alianza safari ya Uganda kutoka hapa Julai 1885, akiwa na William Jones, ambaye Hannington mwenyewe alikuwa amemtia daraja la ushemasi mwaka huohuo. Oktoba aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na sehemu ya msafara, ndiye aliyewarudisha waliosalia. Walipanda kilima cha Rabai mwanzoni mwa 1886 wakiwa na bendera ya samawati iliyoshonwa neno Ikabodi, "utukufu umeondoka". Wake za wapagazi waliokuwa wanangoja waliisoma habari kabla ya mtu kufungua kinywa.

Mekatilili wa Menza alikuwa Mrabai?

Hapana, alikuwa Mgiriama. Upinzani alioongoza ulikuwa wa mwaka 1913 na 1914, na kaya iliyolipuliwa kwa baruti na Waingereza ni Kaya Fungo ya Wagiriama.

Kanisa la Rabai ndilo la kwanza Kenya?

Ukiondoa makanisa ya Wareno wa Mombasa na Malindi ya karne za nyuma, ndiyo, Ukristo wa sasa wa Kenya ulianzia hapa. Jengo la awali la misheni leo ni makumbusho. Kanisa la Mtakatifu Paulo, ambalo bado linasaliwa, ni la mwaka 1887. Kwa hiyo lilikuwa bado linanukia mbao mpya siku zile za hati za uhuru. Nyumba za Krapf na Rebmann nazo zipo hapohapo.

Basi watu wa Rabai wote ni Wakristo?

La. Waislamu wapo wengi, hasa kutokana na ujirani wa tangu zamani na Jomvu na Mombasa, na wapo wanaoshika njia ya kaya, na wapo wanaoshika zaidi ya moja bila kuona tatizo. Wamijikenda huwaita Waswahili *adzomba*, yaani wajomba. Jina hilo linatosha kueleza mahusiano.

Kwa nini Rabai inatajwa pamoja na mnazi?

Kwa sababu mnazi ni benki ya Rabai. Tembo la huku, yaani pombe ya mnazi, linateremshwa Mombasa kila siku.

Mwangalie mgema asubuhi. Shina la mnazi limechongwa vidaraja vya kukanyagia, naye hupanda miguu mitupu, kotama kiunoni, kibuyu kikining'inia. Juu anakata ncha ya karara ambalo halijafunguka, kipande chembamba kama ukucha, hazidishi, kisha anakifunga chombo upya chini yake utomvu udondoke. Asubuhi na jioni, kila siku, bila kukosa, maana karara lisipokatwa hufunga mdomo. Kinachoteremshwa asubuhi ni kitamu na hakijachacha. Kikifika jua la utosi kimeanza kuwa kikali.

Tembo si kinywaji tu. Mahari, maombi ya mizimu, kesi ya wazee na mazishi yote yana kipimo chake cha tembo, kadzama. Serikali zimelipiga marufuku na kuliruhusu kwa zamu tangu enzi za ukoloni, na kila mara anayeumia ni mwenye minazi kumi na watoto shuleni. Mti huohuo unatoa nazi, makuti ya kuezekea, kumbi za moto na fagio. Wanaosema vijana wa Rabai waache ugema wangesema kwanza waushike nini.

Watu wanaishi kwa kazi gani zaidi?

Mahindi, mihogo, minazi, mikorosho na maembe, ng'ombe na mbuzi wachache. Upande wa Mazeras na Mariakani kuna machimbo ya mawe; vile vibamba vya mawe vinavyotandikwa nyuani na kwenye sebule za watu Nairobi kwa jina la "Mazeras" vinatoka huko, na vinachongwa kwa nyundo na tindo na watu wanaokaa juani kutwa.

Halafu kuna Mombasa. Alfajiri stejini Mazeras utaona kijiji kinateremka: mama na makuti, wapishi wa hoteli, walinzi, vibarua wa bandarini, wanafunzi wa vyuo. Jioni wanapanda tena. Kwa watu hawa Rabai ni kitanda na shamba, na mji ni mshahara.

Na kuna jambo la maji, ambalo haliachi kuniuma. Bomba kubwa la chemchemi za Mzima, lililokamilika miaka ya 1950, huleta maji ya Mombasa kutoka Tsavo mpaka matangi ya Mazeras. Maji ya mji mzima yanapita mlangoni, na bado kiangazi kikishika utakutana na akina mama wa vijiji vya jirani wamebeba madumu ya manjano.

Je, Mombasa itaimeza Rabai?

Imeshaanza kuitafuna. Anayetafuta kiwanja na ambaye kisiwa kimemshinda bei huangalia Miritini, kisha Mazeras, kisha huku juu. Nyumba za mawe zinaota penye minazi. Hatari iko kwenye ardhi: shamba la ukoo ambalo halina hati mkononi huuzwa na mmoja, likalipiwa na wa pili, likadaiwa na wa tatu. Kama wewe ni mnunuzi, keti na ukoo mzima pamoja na mzee wa mtaa, na nenda ofisi ya ardhi kabla ya kutoa senti. Kama wewe ni mwenye shamba, chukua hati kwanza.

Nataka kutembelea. Nifanyeje?

Panda matatu ya Mazeras au ya Kaloleni kutoka Mombasa. Kutoka Mazeras kuna bodaboda. Anza makumbusho asubuhi kabla ya jua kali, kisha kanisa, nyumba za wamishonari na makaburi. Vaa nguo ya heshima. Kabla ya kumpiga picha mtu, mwombe. Ukikaribishwa tembo na wazee, huna lazima ya kunywa, lakini pokea kwa mikono miwili.

Wazee wangu walitoka Rabai. Nianzie wapi kutafuta ukoo?

Anza na mzee aliye hai, wiki hii, usingoje Krismasi. Mwulize majina, na mwulize nani alizikwa wapi. Majina ya Kimijikenda hurithishwa kutoka babu kwenda mjukuu, kwa hiyo ukipata manne au matano mfululizo umeshapata uti wa mgongo.

Kisha nenda kanisani uulizie madaftari ya ubatizo na ndoa. Kama wazee wako walikuwa Wamisheni, tafuta jina la kabla ya ubatizo, maana mtoro aliyeingia akiitwa Mabruki au Juma alitoka akiitwa Yohana. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, ina mafaili ya utawala wa kikoloni wa pwani, na barua za wamishonari wa Rabai zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Hizo zinasomwa na yeyote anayeomba. Ukienda makaburini chukua ufagio mdogo na maji. Mawe mengi yameota kuvu, na jina huonekana vizuri likishalowa, jua likiwa limeinama.